Nani Anashika Kisu? Jinsi Wanaojifunza Upasuaji Wanavyosimamiwa Hospitalini

Mama mjamzito anapofikishwa hospitalini usiku baada ya kuhangaika na uchungu siku nzima, jamaa waliomleta huwa na maswali matatu. Atapona? Mtoto yu hai? Na huyu daktari, mbona kijana hivi? Mawili ya kwanza huulizwa waziwazi. La tatu hunong'onwa kwenye benchi, kwa Kisomali, na mara nyingi hakuna anayelijibu.

Ni swali la haki kabisa. Katika hospitali yoyote inayopokea wanafunzi, kuanzia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi hadi hospitali za rufaa za kaunti, baadhi ya wanaomhudumia mgonjwa bado wamo mafunzoni. Baadhi yao watashika kisu, mkasi au sindano ya kushonea. Hilo si kosa wala si siri, kwa sababu kila daktari wa upasuaji aliye kazini leo alifunzwa hivyo. Mkazi anayetaka kujua kama mgonjwa wake yuko salama ana mambo matatu ya kuangalia: nani anamsimamia anayejifunza, msimamizi huyo yuko umbali gani, na kama anaweza kuitwa saa nane za usiku bila mtu kuogopa kukemewa.

Makala haya yanaeleza jinsi usimamizi huo unavyotakiwa kufanya kazi, mahali unapovunjika, na haki alizo nazo mgonjwa.

Wenye koti jeupe ni akina nani

Wakazi wengi humwita kila mwenye koti jeupe "daktari". Ni heshima nzuri, lakini inaficha tofauti kubwa.

Wa kwanza ni mwanafunzi. Anaweza kuwa wa uuguzi au wa utabibu kutoka Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, au wa udaktari kutoka chuo kikuu. Huyu hana leseni. Chochote anachomfanyia mgonjwa lazima kifanyike mbele ya mhudumu aliyesajiliwa.

Wa pili ni mwanagenzi. Amemaliza masomo na kufaulu mitihani, lakini sheria bado haimruhusu kufanya kazi peke yake. Daktari mwenye shahada na afisa wa kliniki wote hupitia mwaka mmoja wa uanagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa, wakizunguka katika idara kuu zikiwemo upasuaji, uzazi, magonjwa ya watoto na magonjwa ya watu wazima. Madaktari wako chini ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Maafisa wa kliniki wana baraza lao, lililowekwa na sheria ya mwaka 2017. Mwanagenzi anatambuliwa kufanya kazi chini ya usimamizi tu, na maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo msingi wa makala haya.

Wa tatu ni daktari aliyekwisha kusajiliwa lakini si bingwa. Huyu ndiye hubeba mzigo mkubwa katika hospitali za kaunti. Wa nne ni daktari anayesomea ubingwa. Amesajiliwa na anaweza kuwa na miaka mingi kazini, lakini katika fani yake mpya bado ni mwanafunzi. Mafunzo ya upasuaji hadi ubingwa huchukua takriban miaka mitano, iwe ni kupitia chuo kikuu au kupitia Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999. COSECSA haina jengo moja kubwa la kufundishia. Hufundisha ndani ya hospitali zilizokaguliwa na kukubaliwa, na miongoni mwake zimo Tenwek huko Bomet na Kijabe katika Kaunti ya Kiambu. Wa tano ni bingwa mwenyewe.

Wapo pia maafisa wa kliniki waliosomea fani maalumu baada ya diploma ya kwanza, kwa mfano wanaotoa dawa ya usingizi au wanaofanya upasuaji wa mtoto wa jicho. Mzee aliyerudishiwa macho yake huenda hakuguswa na daktari wa shahada hata mara moja. Hakudanganywa. Alihudumiwa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo hasa, na aliyeifanya mara nyingi mbele ya mwalimu kabla ya kuachiwa.

Hatua kwa hatua

Mfugaji hamkabidhi mtoto wa miaka minane kundi zima la ngamia siku ya kwanza. Humwanzisha na ndama karibu na boma, kisha humtuma malishoni akiwa na kaka yake, na siku atakapokwenda peke yake ni baba anayeamua, mtoto hajiamulii. Upasuaji hufundishwa kwa mpango huohuo, ila hapa kila hatua huandikwa.

Anayejifunza huanza kwa kutazama. Baadaye hunawa, huvaa glavu na kusaidia: kushikilia kidonda kiwe wazi, kufyonza damu, kukata uzi. Kisha hupewa sehemu ya kazi, mara nyingi kushona ngozi mwishoni. Kisha hufanya upasuaji mzima huku mwalimu akiwa amenawa na kusimama upande wa pili wa meza, mkono wake ukiwa tayari kuingia. Baada ya hapo mwalimu huwa chumbani lakini hajanawa. Kisha huwa ndani ya jengo. Mwisho huwa nyumbani, simu ikiwa wazi.

Anayesomea ubingwa huweka daftari, siku hizi mara nyingi la kielektroniki, linaloonyesha kila upasuaji alioshiriki na kwa ngazi ipi: alisaidia, alifanya mwalimu akiwa mezani, alifanya mwalimu akiwa chumbani, au alifanya mwenyewe. Mwalimu huthibitisha. Mwanagenzi naye hutathminiwa idara kwa idara, na bila sahihi za wasimamizi wake hawezi kupata usajili kamili. Daftari hilo ni ulinzi kwa mgonjwa hata kama hatalifungua kamwe. Daktari anayedai ameshafanya upasuaji wa kidole tumbo mara 30 anaweza kuulizwa aliyekuwa naye mara zote hizo.

Tafiti za nchi mbalimbali zimelinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji na wanafunzi waliosimamiwa vizuri na wale wa mabingwa. Kwa upasuaji mwingi wa kawaida matokeo hukaribiana, ingawa mwanafunzi huchukua muda mrefu zaidi. Mambo hubadilika pale msimamizi anapokosekana. Nchini Uingereza uchunguzi mkubwa wa vifo vinavyofuatia upasuaji, uliochapishwa mwaka 1987, ulikuta kwamba baadhi ya wagonjwa waliokufa walikuwa wamepasuliwa na madaktari wachanga, hasa usiku, bila bingwa kuulizwa. Matokeo yake ni kwamba hospitali za huko zilianza kutenga vyumba vya upasuaji wa dharura vinavyofanya kazi mchana, ili dharura zinazoweza kusubiri saa chache zifanywe wakati wakubwa wapo macho na wapo karibu.

Upasuaji wa uzazi, na saa nane za usiku

Kwa wakazi wa Wajir, mfano ulio karibu zaidi ni upasuaji wa kumtoa mtoto. Ni miongoni mwa upasuaji mkubwa unaofanywa zaidi katika hospitali za ukanda huu, ni miongoni mwa ule wa kwanza ambao daktari kijana hufundishwa, na mara nyingi haungoji asubuhi. Takwimu zilizotokana na sensa ya mwaka 2009 ziliiweka Wajir katika vifo 1,683 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, kiwango cha pili nchini baada ya Mandera. Mama anayehitaji upasuaji na asiupate ndiye aliye nyuma ya tarakimu kama hiyo.

Upasuaji uliopangwa, kwa mama ambaye hajaanza uchungu na hana kovu la zamani, ni kazi inayoweza kufundishwa kwa utulivu. Ngazi za kwenda ndani zinajulikana: ngozi, mafuta, utando mgumu, misuli, utando wa tumbo, kibofu kinachosukumwa chini kwa uangalifu, kisha mfuko wa uzazi. Mwalimu anaweza kusimama upande wa pili na kusema "polepole".

Mama aliyetoka mbali baada ya siku mbili za uchungu ni hadithi nyingine. Kichwa cha mtoto kimekwama ndani ya nyonga. Sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi imetanuka na kuwa nyembamba kama karatasi. Kibofu kimevutwa juu kutoka mahali pake pa kawaida. Anayeingiza mkono ili kukitoa kichwa akitumia nguvu vibaya, mfuko huchanika kuelekea pembeni kwenye mishipa mikubwa ya damu, au kushuka hadi kwenye kibofu. Damu ikijaa, daktari asiye na uzoefu hushona haraka asichokiona vizuri. Anaweza kuokoa maisha yote mawili usiku huo na bado amwachie mama tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi.

Tundu hilo ni fistula, au nasuri. Wengi wanajua kwamba husababishwa na uchungu wa muda mrefu usiopata msaada. Wachache wanajua kwamba huweza kusababishwa na upasuaji wenyewe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, ukiwahusu wanawake 5,959 waliotibiwa fistula kati ya 1994 na 2012 katika nchi 11 za Afrika na Asia, ulikuta kwamba 805 kati yao, zaidi ya mmoja kwa kila kumi, walikuwa wamejeruhiwa chumba cha upasuaji. Wengi wa hao walipasuliwa kwa sababu za uzazi.

Takwimu hizo hazimwambii mama akimbie upasuaji. Kuukimbia ndiko kunakoleta fistula nyingi zaidi, na vifo. Zinachoonyesha ni kwamba kuna hali ambazo haifai mwanagenzi kuachwa nazo peke yake, na orodha yake haina utata: uchungu uliokwama kwa muda mrefu, makovu ya upasuaji wa awali, kondo la nyuma lililoziba mlango wa uzazi, mama aliyeanza kutokwa na damu nyingi, na mama mwenye kifafa cha mimba. Kwa kila moja, kanuni ya kazi ni kupiga simu kabla ya kupasua. Simu inayopigwa damu ikiwa tayari imefika sakafuni imechelewa.

Hapa ndipo jiografia inapoingia. Hospitali ya Nairobi ikikosa bingwa mmoja, wapo wengine kuvuka barabara. Kutoka mjini Wajir hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 300, na mvua ikinyesha barabara hukatika. Aliyeko Bute, Buna au Eldas ana safari nyingine ndefu kabla ya kufika mjini Wajir. Kwa hiyo daktari kijana huku hukabiliwa na uamuzi ambao mwenzake wa jijini hakabiliwi nao: amsafirishe mgonjwa kwa saa nyingi akiwa hali mahututi, au afanye hapa kile ambacho angetamani mtu mwingine akifanye. Mara nyingine uamuzi sahihi ni kufanya hapa. Hata hivyo asiufanye peke yake. Bingwa aliye umbali wa kilomita 300 anaweza kuelezwa hali ya mgonjwa kwa simu, akauliza maswali, akashauri, na jina lake na saa ya simu vikaandikwa kwenye faili. Usimamizi wa simu haulingani na mtu aliyesimama mezani, na anayedai unalingana hajawahi kuona damu ikitoka kwa kasi. Lakini unapita ukimya.

Ripoti ya kwanza ya Kenya ya uchunguzi wa siri wa vifo vya akina mama, iliyochambua vifo vya mwaka 2014 katika hospitali kubwa, ilikuta kwamba katika zaidi ya vifo tisa kwa kila kumi huduma ilikuwa na upungufu. Uchunguzi wa aina hiyo huitwa wa siri kwa sababu hautafuti wa kumfunga. Unatafuta ni wapi mnyororo ulikatika.

Jirani wa kaskazini

Mtu anayeshuku kwamba upasuaji mgumu unaweza kufundishwa kwa subira anaweza kutazama Addis Ababa. Mwaka 1974 Reginald na Catherine Hamlin, mume na mke madaktari, walifungua huko hospitali ya fistula. Miongoni mwa wagonjwa wao wa awali alikuwa Mamitu Gashe, msichana wa kijijini aliyejeruhiwa katika uzazi wa kwanza na ambaye hakuwahi kwenda shule. Alibaki hospitalini akitandika vitanda, kisha akaanza kupokeza vifaa chumba cha upasuaji, kisha akaongozwa kushona huku mkono wa mwalimu ukiwa juu ya wake. Baada ya miaka mingi akawa mpasuaji wa fistula anayefundisha madaktari wenye shahada kutoka nchi nyingine. Mwaka 1989 alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa medali ya dhahabu na Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Uingereza.

Kisa chake hakitoi ruhusa kwa kila mtu kushika kisu, na hakuna kaunti ya Kenya inayoweza kisheria kumtumia mtu asiyesajiliwa kwa njia hiyo. Kinafundisha kitu kingine: muda wa kukaa mezani na mwalimu, mwaka baada ya mwaka, hauna mbadala. Mafunzo ya fistula ya sasa, kwa mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, FIGO, yamegawa wapasuaji katika ngazi tatu. Wa ngazi ya kwanza hutengeneza matundu mepesi tu. Matundu magumu humwachia aliyepanda ngazi, kwa sababu jaribio la kwanza la kulifunga tundu ndilo lenye nafasi kubwa ya kufaulu. Kila jaribio lililoshindwa huacha kovu linalofanya lijalo liwe gumu zaidi. Mwanafunzi anayejaribu asichokiweza hapotezi siku yake tu. Anatumia nafasi bora ya yule mama.

Kenyatta, Februari 2018

Kisa kinachojulikana zaidi nchini hakikutokea pembezoni. Kilitokea katika hospitali kubwa kuliko zote. Mnamo Februari 2018, wagonjwa wawili walikuwa wamelazwa Kenyatta. Mmoja alihitaji kufunguliwa fuvu ili damu iliyoganda iondolewe. Mwingine alikuwa na uvimbe uliohitaji matibabu bila upasuaji. Utambulisho wao ulichanganywa, na aliyefunguliwa kichwa akawa yule asiyehitaji. Daktari aliyefanya upasuaji alikuwa akisomea ubingwa wa upasuaji wa ubongo. Saa kadhaa zilipita kabla ya kikosi kutambua kwamba damu iliyoganda haikuwepo.

Hospitali ilimsimamisha kazi daktari huyo pamoja na wauguzi wawili na mtaalamu wa dawa ya usingizi. Waziri wa Afya wa wakati huo, Sicily Kariuki, alimpa likizo ya lazima afisa mkuu wa hospitali. Madaktari wenzake waliosomea ubingwa walilalamika kwamba lawama imeshushiwa aliye chini kabisa, nao walikuwa na hoja. Mgonjwa hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwa mpasuaji, na kila mmoja anatakiwa kuuliza: huyu ni nani, na tunamfanyia nini? Lakini hoja yao haifuti nyingine, kwamba upasuaji wa ubongo ni mahali ambapo mkubwa anatarajiwa kujua mwanafunzi wake anamfungua nani, na kwa nini.

Kinga dhidi ya kosa la aina hiyo ilikuwepo miaka 10 kabla. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi yenye mambo 19, ukurasa mmoja tu. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, moja ikiwa ya Ifakara nchini Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani, ambapo pamba na vifaa huhesabiwa.

Hatua ya pili ina sharti ambalo wengine hulipuuza kwa kuliona la kitoto: kila aliye chumbani ataje jina lake na kazi yake. Kwa mwanagenzi sharti hilo ni zito. Aliyekwisha kusema kwa sauti mbele ya wote, "mimi ni mwanagenzi, daktari fulani ananisimamia," amefungua njia ya muuguzi mkongwe kumuuliza dakika 20 baadaye kama si wakati wa kumwita huyo fulani. Bila hayo, muuguzi aliyeona upasuaji 1,000 huweza kunyamaza mbele ya kijana aliyeona 20, kwa sababu tu kijana anaitwa daktari.

Wanapokosekana

Wanagenzi hupangiwa vituo na Wizara ya Afya, na serikali za kaunti huwapokea. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, ulioanza Machi 14 na kumalizika Mei 8 baada ya siku 56, ulihusu kwa kiasi kikubwa kupangwa kwa wanagenzi na malipo yao. Wakati huo wagonjwa wengi waligundua ni kazi kiasi gani hufanywa na vijana hao: kuwekea dripu, kuandaa wagonjwa wa upasuaji, kushona majeraha, kukesha. Hapo pana hatari ya upande wa pili. Hospitali yenye upungufu wa wafanyakazi hushawishika kumtumia mwanagenzi kama mfanyakazi kamili na kusahau kwamba yuko pale ajifunze. Mwanagenzi ambaye ndiye pekee aliye zamu usiku hasimamiwi, hata kama karatasi ya zamu ina jina la bingwa.

Idhini ni ya nani

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yanayowezekana, faida, hatari na gharama zake, pamoja na haki ya kukataa, na pale inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kwa wengi huku lugha hiyo ni Kisomali. Kama daktari haijui, atafutwe mhudumu wa kutafsiri. Kumtumia mtoto wa miaka 12 amtafsirie mama yake habari za mfuko wa uzazi hakumtendei haki yeyote kati yao.

Idhini ya upasuaji hutolewa na mgonjwa mwenyewe akiwa mtu mzima mwenye fahamu na akili timamu. Katika ukanda huu si ajabu mume, baba au wazee kungojwa waje watie sahihi huku mama akiwa mezani. Kushauriana na familia ni jambo jema, na wahudumu hulitegemea. Lakini sahihi inayohitajika ni ya mama. Akiwa hajitambui, jamaa wa karibu huombwa. Ikiwa kuchelewa kunaweza kuleta kifo, matibabu ya dharura hayangoji sahihi ya mtu.

Kabla ya kutia sahihi, mgonjwa au jamaa wake anaweza kuuliza: jina lako ni nani na cheo chako ni kipi? Nani atapasua, na nani atamsimamia? Msimamizi atakuwa chumbani au kwa simu? Hati ya haki za wagonjwa ya Wizara ya Afya, ya mwaka 2013, inampa mgonjwa haki ya kuhudumiwa na mtu anayejulikana kwa jina, aliyehitimu na kusajiliwa. Maswali haya hayamvunjii daktari heshima, na mwanagenzi aliyefunzwa vizuri huyajibu kabla hajaulizwa.

Mgonjwa anaweza pia kukataa kuchunguzwa na kundi la wanafunzi. Mama anaweza kuomba mhudumu wa kike pale anapopatikana. Kukataa wanafunzi hakumnyimi mtu matibabu wala hakumrudishi nyuma kwenye foleni. Usiku wa dharura, hata hivyo, chaguo huwa dogo, na ombi la kusubiri bingwa wa kike kutoka mbali laweza kugharimu maisha. Ni vyema familia izungumzie jambo hili mapema, kliniki ya wajawazito, wakati bado kuna nafasi ya kuuliza na kupanga.

Mambo yakienda mrama

Sheria hiyohiyo ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuwasilisha malalamiko na kuyaona yakichunguzwa. Mlango wa kwanza ni msimamizi wa hospitali husika. Asiporidhika, mlalamishi anaweza kwenda kwa idara ya afya ya kaunti. Lalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupelekwa KMPDC, la afisa wa kliniki kwa Baraza la Maafisa wa Kliniki, na la muuguzi kwa Baraza la Wauguzi. Kabla ya yote, familia iombe muhtasari wa matibabu na iandike tarehe, saa na majina ya waliohudumu.

Lalamiko linalohusu mwanagenzi lisiishie kwa jina lake pekee. Liulize pia nani alikuwa msimamizi wake saa hiyo, kama aliitwa, aliitwa saa ngapi, na alifika saa ngapi. Majibu ya maswali hayo manne yanatakiwa yawe ndani ya faili la mgonjwa, kwa wino, na sahihi chini yake.